Pete Iliyofungwa Uzi

Mdogo wangu Elizabeti alikuwa na vidole vyembamba. Watu wa mtaa wetu wa Usagara, hapa Tanga, humsifu kwa Kiingereza chake na kwa mwendo wake, lakini vidole hakuna avikumbukaye ila mimi. Ndimi niliyevikata kucha tangu mama yetu alipofariki kule Mlalo, na ndimi niliyevipeleka shule ya misheni vikashike kalamu. Mimi mwenyewe sikusoma. Mungu hakunipa mtoto, nikasema moyoni, basi mwanangu ni huyu.

Mume wangu Asheri alinioa katika kanisa la Kilutheri kabla hajaenda Makerere. Aliporudi akapata kazi bomani Tanga, naye Elizabeti akaja kukaa nasi. Mwaka 1954 serikali ikamteua Asheri aende Uingereza kuongeza masomo. Alitakiwa akasomee utawala na usimamizi wa watumishi wa serikali: namna ya kuwachagua, kuwapandisha vyeo, na kuwaadhibu wakikosa. Mke aliruhusiwa kumfuata mumewe, lakini kwanza bibi wa mkubwa mmoja wa Kizungu angekuja kunywa chai nyumbani kwetu, aone kama mke huyo ataweza kuishi ugenini.

Asubuhi ya siku hiyo Asheri akaniambia bila kunitazama, "Lea, leo tu. Mwache Elizabeti akae kwenye kiti chako. Wewe hujui Kiingereza, nitaikosa nafasi."

"Na mimi nikae wapi?"

"Jikoni. Nimesema leo tu."

Nikaivua pete yangu ya kanisani kwa mkono wangu mwenyewe. Ilimpwaya Elizabeti, kwa hiyo nikaizungushia uzi mweupe kwa ndani, nikaukaza, nikamvika.

"Dada, usikasirike," akasema. "Ni mchezo tu." Lakini mkono wake alikuwa kaunyoosha mbele, anautazama.

Nilipeleka chai kwenye sinia. Yule bibi alikuwa akimwita mdogo wangu Lea. Lea hivi, Lea vile, nao wote watatu wanacheka. Wakati wa kuaga akanigeukia na Kiswahili chake, "Chai nzuri sana, mpishi."

Pete haikurudi jioni ile, wala kesho yake. Asheri akasafiri, na baada ya miezi michache mkewe akamfuata kwa meli. Mkewe, yaani Elizabeti, kwa jina langu.

Shamsiya, mke wa Mwarabu mwenye duka mkabala na nyumba yetu, alinishika mabega. "Yarabi! We Lea, mume huazimwa kama kinu? Hata kinu hurudishwa, tena na unga kidogo ndani!"

Nilicheka naye. Kisha nikaingia ndani nikauma mto.

Mchungaji nilimweleza. Akasema tumngoje Asheri arudi ajieleze. Nikangoja, huku nikifua na kupiga pasi mashuka ya Wazungu wa mtaa wa Raskazoni ili nile. Asheri alirudi mwaka 1956, na mchungaji huyo huyo ndiye aliyefungua karamu ya kumpokea kwa sala.

Mimi nilisimama nje dirishani, pamoja na wapishi. Elizabeti alikuwa amevaa glavu nyeupe, hata nisiweze kukiona kidole. Sitasema uongo: nilimwonea wivu hata jasho lake. Asheri akasimama na suti yake akahutubia.

"Huko nimejifunza kwamba kazi ya serikali si shamba la ukoo. Anayechagua watumishi, akiona ndugu yake amekuja mbele ya meza, husimama akatoka nje, wenzake wakamaliza."

Watu wakapiga makofi. Mimi neno lile nikaliweka.

Mwaka uliofuata hospitali ikatafuta wanawake wa kufua mashuka na kutandika vitanda, na Asheri akawa mmoja wa wachaguzi. Nikaenda. Kazi niliihitaji, lakini zaidi nilitaka kuona kama atasimama. Akisimama, hata asiponena neno, mji mzima utajua kwamba mimi ni wake.

Tukiwa tumekaa kwenye benchi barazani, Bwana Tadeo, mchaguzi mwingine, akatoka akaegemea nguzo.

"Vipi bwana, umefukuzwa?" mwanamke mmoja akamtania.

"Shemeji yangu yumo ndani. Bwana Asheri ametufundisha tusikae."

"Basi omba mashemeji wengi, upunge upepo mpaka adhuhuri!"

Tadeo akacheka, akarudi ndani. Nikaitwa.

Asheri aliponiona alishusha macho kwenye penseli yake. Kiti chake hakikulia.

"Jina lako, mama?" akauliza Mzungu mwenyekiti.

"Lea."

"Aa, kama mke wa Bwana Asheri!"

Asheri naye akacheka, kicheko kidogo cha adabu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikiniita nimletee maji ya kuoga, "Mama, umewahi kufanya kazi hii wapi?"

Mama! Nikamjibu. Nikangoja. Hakusimama.

"Kuna mtu hapa mezani anayekufahamu?" akauliza mwenyekiti.

Nikamtazama Asheri. Nikampa nafasi yake. Akageuza penseli, akaanza kuitazama upande wa pili.

"Bwana Asheri ni shemeji yangu," nikasema. "Mkewe ni mdogo wangu, tumbo moja."

"Dada wawili, na wote Lea?"

"Yeye alipewa jina langu siku ya chai, bwana. Na pete."

Tadeo akainamisha kichwa. Ndipo kile kiti kikalia. Asheri akasimama akatoka.

Nilipotoka nilimkuta kwenye nguzo ile ile. "Lea, umeniaibisha."

"Nimekuita shemeji. Kama kuna jina lingine, litaje."

Hakulitaja. Nami nikaenda nyumbani nikijua kwamba sikupata nilichokifuata, kwa maana alisimama kwa ajili ya shemeji, na neno hilo nililitoa mimi.

Kazi walinipa. Asheri hakufukuzwa, alipewa onyo, akaendelea kuchagua watu.

Mwaka jana Elizabeti aliletwa wodini kujifungua. Nilimwinua mgongo nikamtandikia shuka safi.

"Dada," akaniita.

Nilikuwa nautazama mkono wake juu ya shuka. Uzi haukuwapo tena. Kidole kimenenepa, na pete imemkaa sawasawa.