Mume Wangu Alivaa Koti la Adui, Nami Nikanyamaza

Hamjambo wote wa ukurasa huu. Nimesoma shida za wenzangu humu miaka mitatu bila kutoa neno, leo ni zamu yangu. Admin, jina langu lizike kabisa. Nina miaka thelathini na sita, Mkenya, mama wa mtoto mmoja, tunaishi Kampala upande wa Lubaga. Mume wangu anauza vipuri Nakawa. Ni mtu wa kanisa. Hunipiga siku za kazi tu.

Msinihurumie haraka, someni kwanza.

Mwaka jana wezi waliruka ukuta wa jirani, mume wangu, Baba Neema, akaleta mbwa, dume jeusi, akamwita Sajini. Akamtafuta mzee mmoja Mnubi, mlinzi mstaafu, aje amfundishe. Mzee alikuja na koti la magunia lililoshonwa nene kama godoro. Kazi yenyewe ni hivi: mtu mmoja anavaa koti, anajifanya adui, anamchokoza mbwa mpaka arukie mkono. Mwingine anasimama pembeni. Akisema "Acha!" mbwa anaachia, anapewa nyama. Ya pembeni nilipewa mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayenunua vichwa vya kuku soko la Kalerwe.

Masomo matatu mzee alivaa koti mwenyewe. La nne Baba Neema roho ikamwasha, akalitaka. Alilivaa, akatupa kifimbo cha mzee, akachukua kipande cha mpira wa maji. Alimpiga Sajini mgongoni, masikioni, puani, hata baada ya mbwa kulala chini na kujikojolea.

"Afande, wacha! Hiyo hapana somo, hiyo vita!" mzee akapiga kelele.

"Mzee, mbwa ni wangu."

"Ndiyo, umbwa yako. Lakini leo anaona koti. Kesho atasahau koti, atakumbuka wewe."

Baba Neema akacheka, akamwambia achukue kofia yake aende, koti abaki nalo yeye.

Nilimsindikiza mzee mpaka barabarani. Akaniambia, "Nyabo, sikia. Adui lazima atoke inje. Mutu ya nyumba hapana vaa hii koti, hata siku moja. Ambia bwana yako akipoa."

Nikasema nitamwambia. Sikumwambia.

Miezi miwili, kila jioni akitoka dukani, mume wangu alivaa lile koti akapiga, nami nikasimama mlango wa jikoni na bakuli langu. Sajini akizamisha meno kwenye gunia, namtupia kichwa cha kuku. Akizamisha sana, viwili. Mume wangu alinisifu: "Mama Neema, una mkono wa ualimu." Nikasema asante.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, umeme ulikatika na shati lake likakosa pasi. Alinipiga kana kwamba mimi ndiye niliyeukata. Alinivuta kwa nywele mpaka uani, akanipiga teke la mbavu, na jingine. Sajini alikuwa hajafungwa. Alikuja kimya, hakubweka hata mara moja. Aliushika mkono wa kulia wa mume wangu chini ya kiwiko, safari hii bila gunia. Nilisikia mfupa, kama mtu anayevunja muwa. Baba Neema akaanguka, mbwa akamburuta kwenye saruji huku akitikisa kichwa, na nyama ikaanza kuachana.

"Mwambie! Mama Neema, mwambie!"

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Ni fupi, mmeliona hapo juu. Niliinuka. Nikajipangusa vumbi. Nikafunga kitenge changu, nikakifungua, nikakifunga tena kwa sababu hakikukaa vizuri. Ndipo nikasema, "Acha."

Sajini akaachia papo hapo, akaja kukaa miguuni pangu, mdomo mwekundu, akingoja haki yake. Bakuli lilikuwa karibu. Nilimpa viwili.

Madaktari wameuokoa mkono, ila vidole viwili havina kazi tena. Na sasa kinachonitesa si damu, ni upole. Kila mgeni anayekuja kumjulia hali anaambiwa, "Huyu mwanamke ndiye aliniokoa. Alipigwa na butwaa kidogo, maskini, lakini akajikaza." Amelia mbele ya mchungaji, ameniomba msamaha wa miaka yote kumi na mmoja, ameapa hatanigusa kwa ubaya tena. Najua mtasema mkono wenyewe hauinuki. Wa kushoto ni mzima, jamani, na huo ndio unaonishika taratibu anaponiita nikae karibu naye.

Lakini mbwa amehukumiwa. Ndugu wa mume wangu anakuja Jumamosi na panga. Sajini hakubali mtu yeyote akaribie banda, kwa hiyo nimepewa kazi. "Shemeji, anakusikia wewe tu. Mtoe, mwambie akae, shika kamba. Mimi nitamaliza kwa pigo moja." Na atakaa. Nimemfundisha mimi. Atakaa akinitazama mkono, akidhani nina nyama.

Nimempigia simu yule mzee, nikamweleza yote, hata kitenge. Mwisho akasema, "Umbwa hapana wazimu. Lete, nitakaa naye. Lakini bwana yako ajue kwanza kwa nini aliuma. Mimi hapana ficha umbwa ya mutu."

Basi hapo ndipo nilipo. Nikisema ukweli, Sajini anapona, na mimi narudi kwa mume ninayemjua, au nafukuzwa nimwache Neema. Nikinyamaza, nabaki na mume niliyemwomba Mungu tangu niolewe, na Jumamosi nashika kamba.

Tafadhali msiniandikie "omba, dada". Nimeomba miaka mingi, na ninaogopa nimeshajibiwa. Nataka shauri la mtu aliyewahi kukaa kimya kama mimi. Leo ni Alhamisi. Mngekuwa nyinyi, mngefungua kinywa au mngeshika kamba?