Shetani wa Chumba cha Mwisho

Ninyi vijana mnaosoma haya, najua mmelala chali na simu imewakaa usoni. Kaeni vizuri. Enzi zetu mtu hakusoma amelala, wala hakucheza gemu amelala. Ndiyo, gemu. Mnadhani mambo hayo mmeyaanzisha ninyi, na bibi alizaliwa bibi.

Nimekulia Kariakoo, hatua chache kutoka sokoni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya bibi yangu, Bibi Mwanahawa. Vyumba vitatu huku, vitatu huku, korido ndefu katikati, nyuma uani. Asubuhi pua ndiyo iliyokuambia saa: kwanza maandazi ya mpangaji wa chumba cha mbele, halafu dagaa wa kukaanga, halafu mitaro ya soko jua likishakolea. Ruksa, yaani biashara huria, ilikuwa imeshaanza. Sisi tuliokuwa tukipangishwa foleni ya sabuni tukaona ghafla maduka yamefurika, mitumba inamwagwa chini kama mchanga, viatu vya watoto vinawaka taa. Na kwa mzee Kantilal, muuza vitambaa jirani yetu, ikaingia kompyuta.

Mwanawe alikuwa nayo nyuma ya kaunta, anacheza gemu la kupiga mashetani. Sisi tunajazana dirishani, tumeng'ang'ania nondo. Kilichotuduwaza ni kwamba mpigaji mwenyewe haonekani. Hana kichwa, hana miguu. Unaona mkono tu na bunduki, korido inakujia, milango inakujia, na kila mlango una shetani wake. Shomari, mtoto wa shangazi yangu, akasema, "Jamani, si korido yetu hiyo?" Na kweli. Ilikosa ndoo tu.

Mzee Kantilal alikuwa akitufukuza kwa fimbo yake ya kupimia vitambaa, "Tokeni, mnanizibia wateja!" Na siku asipotufukuza yeye, mgao wa umeme ulitufukuza. Basi tukaamua kulitengeneza upya gemu lile sisi wenyewe, nyumbani.

Tulichukua boksi la sabuni, tukalitoboa dirisha dogo mbele. Ukilivaa kichwani huoni pembeni, huoni miguu yako, unaona mbele tu na mkono wako na bunduki, ambayo ilikuwa ubao wa tenga la nyanya. Mashetani walijipaka masizi ya sufuria wakajificha vyumbani. Mmoja wetu alipiga kopo, ndio muziki. Hatukuwa na haja ya umeme wala bando.

Siku ya kwanza Shomari alivaa boksi, akaupiga teke mlango wa mama muuza maandazi, akamkuta anabadili kanga. Kelele zake zilifika sokoni. Bibi Mwanahawa akatoka uani na mwiko mkononi.

"Nyumba yangu si jehanamu," akasema. "Shetani ana chumba? Basi anabishiwa hodi. Hodi tatu, msipojibiwa mnarudi mlikotoka. Na mkikutana na mkubwa koridoni mnaamkia, hata kama mmeshakufa."

Ikawa ndiyo sheria ya gemu. Mpigaji anasema "Hodi!" Shetani anajibu "Karibu!" Ndipo mlango unafunguliwa, na anayewahi kusema "Paa!" ndiye aliyeshinda. Msicheke. Baba mdogo akirudi kazini alikuta maiti zimetapakaa koridoni, zinamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo baba!"

"Marahaba, hamjambo?"

"Hatujambo, tumekufa."

Sasa tatizo lilikuwa boksi. Wasichana hatukupewa. Shomari alisema mpigaji ni mwanamume, sisi tuwe mashetani, tena tunafaa hata bila masizi. Mimi nikawa shetani wa chumba cha pili kushoto, kila siku napigwa, kila siku naanguka kwenye sakafu ileile. Nikachoka. Siku moja nikamkamata Shomari kanzu mbele ya wote.

"Nipe hilo boksi. Mara moja tu."

Akanitazama kama mtu aliyeombwa mke. Halafu akatabasamu, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. "Sawa. Ukifika chumba cha mwisho ukamwua shetani mkuu, boksi ni la wote. Ukishindwa, wasichana hamkanyagi tena korido wakati wa gemu. Mtakaa uani mchambue mchele."

Wenzangu wakanitolea macho ya "umetuuza." Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Ndani ya boksi kuna joto la tanuri na harufu ya sabuni inayoingia mpaka kooni. Jasho linakuchoma macho. Chumba cha kwanza, hodi, karibu, paa! Cha pili, paa! Cha nne shetani alikuwa mwepesi, nikamwahi kwa unywele. Nyuma yangu wasichana wanapiga vigelegele, kopo linalia. Nikafika chumba cha mwisho, kile kitupu ambacho mpangaji wake alikuwa amehama. Humo alikuwemo shetani mkuu, yaani Shomari mwenyewe.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Lakini nilimsikia anavyojibana asicheke, pua inapuliza kama birika. Ndipo nikaelewa. Hakuwa na nia ya kunipiga. Alikuwa na nia ya kutojibu. Hodi ya tatu ikipita bure, kwa sheria ya bibi ninarudi nilikotoka, na wasichana wote wanarudi uani nami.

"Anasikia huyo! Hajibu makusudi!" akalia mwenzangu.

"Sheria ni sheria," wavulana wakasema, meno nje.

Nikavuta pumzi. Hodi ya tatu sikuitoa. Nilitoa sauti ya Bibi Mwanahawa, na ndani ya boksi ikavuma kama inatoka kisimani: "Shomari! We Shomariii!"

"Labeka, bibi!"

Mlango ukafunguka wenyewe. Akatoka mbio, mikono nyuma, uso wa mtoto mwema. Nikampa paa ya kifua, palepale kizingitini.

Mtafaruku uliofuata ulifika kwa bibi mwenyewe. Shomari analia kadhulumiwa, sisi tunaruka. Bibi akasikiliza, mwiko haukutulia. "Wewe," akamwambia Shomari, "umebishiwa hodi, unasikia, umenyamaza. Mwenye nyumba gani huyo? Boksi ni la wote." Tukashangilia. "Na wewe uliyenitumia sauti yangu, masufuria yale pale uani yanakungoja. Anza na la ubwabwa."

Niliyasugua nikiwa nimevaa boksi.

Nyumba ile haipo. Pamesimama ghorofa, chini wanauza mikoba. Juzi Zuhura, kitinda mimba wangu, ananiambia yeye na wenzake wanalitengeneza upya gemu moja la zamani, kwa mapenzi tu, halipwi mtu. Huyu nikimwambia achambue mchele kiuno kinamuuma. Nikasogea kwenye kompyuta. Mkono, bunduki, korido, milango. Nikalitambua. Lakini mpigaji anavunja milango ya watu ovyo, hata salamu hana.

"Mbona habishi hodi?" nikauliza. Hakunisikia, ana vidude masikioni. "Zuhura!" Kimya. "Zuhura!" Wajukuu nao, kila mmoja na simu yake, kimya. Nikaona leo ningekuwa na boksi langu koridoni ningeshindwa vibaya. Hila yangu ilimtaka mtu anayeitika.

Nikampigia Shomari. Sasa ni babu wa Kigamboni, mvi mpaka ndevuni. Nikaiweka simu kwenye sauti kubwa, nikajaza kifua, nikaitoa sauti ile: "Shomari! We Shomariii!"

"Labeka, bibi!"

Bibi Mwanahawa amelala kaburini miaka mingi. Nikamsikia Shomari anavuta kamasi, kisha akasema, "Mshenzi wewe. Umeniua tena."

Watoto wote walikuwa wameinua vichwa. Zuhura alikuwa ameshatoa kidude kimoja, anauliza nani huyo, na kama anaweza kuirekodi sauti hiyo aiweke chumba cha mwisho cha gemu lao. Nikamwambia tutaona. Kwanza sikilizeni, nikawaambia, na hili silirudii: toeni vidude masikioni, na katika nyumba hii anayebishiwa hodi ajibu, na anayeitwa aitike.