Fundi wa Pampu Anayesafiri Amefumba Macho

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, uani kwa fundi wa pampu, mzigo unafungwa. Anayefunga ni mkewe. Vyuma virefu vya pampu vinalazwa ubavuni mwa pikipiki, boksi la spana linakaa kwenye keria, dumu la mafuta linabanwa kwa ukanda wa tairi kuukuu mpaka halitikisiki. Kila fundo analivuta mara mbili, kisha analipiga kofi.

Fundi mwenyewe amesimama kando, ameishika helmeti yake kwa mikono miwili kama mgeni aliyepakatishwa mtoto asiye wake.

"Fundi, panda twende," mke anasema.

"Ngoja nimalize kuaga."

"Unamuaga nani? Watoto wote wako makwao."

"Naiaga nyumba."

Mke anacheka, anapiga kiki, injini inaitika. Fundi anapanda nyuma, anamzungushia mkewe mikono kiunoni, anavuta pumzi ndefu na kufumba macho. Hatayafumbua mpaka pampu ya kwanza, mwendo wa karibu saa nne.

Hivyo ndivyo wanavyofanya kazi, huu mwaka wa kumi na moja. Mume anatengeneza pampu za maji ishirini na tatu zilizotawanyika kwenye nchi kavu, ambako lori hupita mara moja kwa wiki likijisikia. Mke anampeleka. Kampuni ya visima inawalipa kwa kila pampu inayorudi kutoa maji, na sehemu kubwa inaishia kwenye mafuta na tairi. Mwezi mzuri wanabaki na cha kuweka. Mwezi mbaya wanabaki na vumbi.

Njia nzima watu wanamjua mke kwa jina la Mama Gia. Mume wanamwita Abiria, na hajawahi kulalamika.

Asubuhi hii wana jambo lingine zaidi ya mzigo. Kampuni imewapa gari, lenye viti vya ngozi, kiyoyozi na dereva wake. Wakilikubali, pikipiki inarudishwa bohari na Mama Gia anabaki kuwa msaidizi wa kushika spana. Msimamizi anataka jibu leo, na mwenye kujibu ni Fundi.

"Mimi nimeshamwambia akubali," Mama Gia ananiambia mimi mwandishi, niliyekuja kusafiri nao, wakati akikaza kamba ya helmeti. Halafu anageuka haraka kuangalia taa ambayo haina tatizo lolote.

Hofu ya Fundi si ya kuigiza. Ni mwanamume mpana wa mabega, amekuwa akishuka visimani tangu ujana wake, na huko chini hupiga mluzi. Lakini mwonyeshe kitu chenye magurudumu mawili, anakuwa mtu mwingine.

"Wananiuliza niliwahi kuanguka? Sijawahi," anasema. "Mwanamke huyu hajaniangusha hata siku moja. Ni mwili tu umekataa. Nikifumbua macho naona ardhi inakimbia chini ya kiatu changu, roho inataka kuruka itangulie."

Na Mama Gia je? Huyo hawezi kuchungulia kisima. Mumewe akiteremka, yeye hugeuza uso na kusubiri mluzi. "Akinyamaza tu naita. Namwambia piga mluzi, mwanamume wewe, usinitie presha."

Alijifunza pikipiki kwa kaka yake mkubwa, kwa kazi ya kusambaza mikate. Mwendeshaji aliyekuwa akimbeba Fundi alipoacha kazi, kampuni ilitaka mtu siku hiyohiyo. Mama Gia alivua aproni akapanda.

"Safari ya kwanza nilimsikia nyuma anasali kwa sauti. Tena sala zenyewe za mazishi! Nikaona huyu atanitia woga na mimi. Nikaanza kumsimulia njia ili anyamaze. Nikasema, Fundi, kulia kwako kuna jiwe limekaa kama mjomba aliyenyimwa chakula kwenye harusi. Akauliza, limenuna? Nikamwambia limenuna hasa. Basi, sala ikakoma."

Tangu siku hiyo hajaacha kusimulia. Jiwe lile wanaliita Mjomba Kanuna, na kila wakipita Fundi hupeleka salamu. Kuna kilima kiitwacho Bibi Kachuchumaa. Kuna mti mmoja pekee kwenye uwanda mtupu, unaoitwa Mlinzi, kwa sababu kila mara wakipita Mama Gia anasema amelala kazini.

Na kuna mahali panapoitwa Friji. Njia inashuka kidogo sana, kwa macho hata huijui, lakini baridi ya usiku imebaki pale chini. "Ukiingia tu, magoti yanapoa, mikono inapoa, mpaka meno. Unahesabu moja, mbili, tatu, umetoka, joto tena. Mimi hapo huchelewesha gia makusudi. Kwenye gari Friji huipati. Unapita juu yake kama mtu asiyealikwa."

Mimi, niliyekuwa nyuma yao kwenye pikipiki ya kukodi, niliipata Friji asubuhi hiyo na kupiga kelele bila kutaka. Mbele yangu Mama Gia aliinua kidole gumba.

Muulize raha ya safari hizi, hatakujibu kwa sentensi moja. Ataanza na mchanga, ambao waendeshaji wengi wanauchukia. "Mchanga ndio utamu wenyewe. Usukani usiushike kwa hasira, uache ucheze, wewe peleka mafuta taratibu. Ukiogopa unaanguka, ukijidai unaanguka. Ukitulia unapita, na ukishapita unajisikia mtu."

Atahamia kwenye harufu. Anasema mvua ikinyesha mbali huko, anainusa kabla wingu halijaonekana, na kwamba majani makavu yana harufu moja asubuhi na nyingine jioni. Atamalizia na kimya, wakisimama kupumzisha injini. "Masikio yanaendelea kuvuma, vuuu. Halafu yanaacha. Halafu unasikia nyasi zinagusana. Nyumbani nina redio, majirani, simu, wajukuu. Pale nina nyasi tu na huyu mtu wangu anayeuliza kama ni salama kufumbua macho."

Watoto wao hawaelewi. Binti wa mwisho, ambaye ni muuguzi, aliposikia habari za gari alipiga vigelegele kwenye simu. "Mama, una umri wa miaka hamsini na mbili. Kaa kwenye kiti chenye mgongo." Ana haki. Mgongo wa baba yake unauma kila wakirudi, na magoti ya mama yake hulia wakati wa kuinuka.

Mwezi uliopita kampuni iliwaletea hilo gari walijaribu kwa safari moja. Mama Gia aliketi mbele, pembeni ya dereva mpole aliyeendesha kwa adabu. Vioo vilifungwa kwa ajili ya vumbi. Njia nzima hakusema neno.

"Niseme nini? Mwenyewe alikuwa anaona. Nilimtazama kwenye kioo, macho wazi, ameegemea dirisha kama mtalii. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo anavyokaa akiwa hana hofu. Miaka yote hii nilikuwa namtesa na sijui."

Tunazungumza haya kwenye pampu ya kwanza. Fundi yuko chini kisimani, mluzi unapanda kutoka shimoni, na Mama Gia amekipa kisima mgongo huku akitia oili kwenye cheni. Kina mama wenye madumu matupu wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, wanamtania.

"Mama Gia, tumesikia unapata gari. Utatukumbuka kweli?"

"Nitawapungia dirishani, kidole kimoja tu."

Wanacheka, naye anacheka nao. Kisha ananisogelea.

"Usije ukaandika kwamba hainiumi. Inaniuma sana. Nikifikiria kupita Friji bila kuisikia, nakosa usingizi. Lakini yule bwana amenifumbia macho miaka kumi na moja. Kila Jumatatu anapanda kitu kinachomtisha kwa sababu mimi ndiye ninayeendesha. Sasa ni zamu yangu. Nitakaa kwenye gari lao na nitanyamaza vizuri."

Mluzi unakoma. "Fundi!" anaita bila kugeuka.

"Nipo! Nimeshika spana kwa meno!"

Dakika chache baadaye mpini unashushwa na kupandishwa, pampu inakohoa, inatema matope, halafu maji safi yanabubujika. Fundi anatoka shimoni amelowa hadi kwapani, anakunywa kwa kiganja, anachekelea.

Simu haishiki pale. Mtandao unapatikana juu ya Bibi Kachuchumaa tu, mwendo wa nusu saa mbele, kwa hiyo kila anayetaka kuongea na dunia anasimama kwenye bega la bibi huyo. Mama Gia anaegesha. Fundi anafumbua macho, anashuka, anajinyoosha kwa mguno na kutoa simu.

Mke anajitenga. Anasimama upande wa pili wa pikipiki, anapangusa tangi kwa ncha ya kanga yake, polepole, kuanzia mbele kwenda nyuma. Anasikia kila neno, sote tunasikia, maana Fundi ni mtu wa kuongea na simu kana kwamba yu kisimani.

"Halo, bosi. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, leo ndiyo siku yenyewe. Gari ni zuri, bosi, halina kasoro. Mpe yule fundi wa upande wa pili, ana watoto wadogo, litamfaa."

Kitambaa kinasimama juu ya tangi.

"Hapana, si kwamba mgongo umepona. Mgongo upo palepale... Woga? Na woga upo... Sasa bosi, nikueleze vipi? Kwenye gari lako nilifumbua macho. Nilikaa dirishani nikimsubiri Mjomba Kanuna, nikaona jiwe. Nikamsubiri Mlinzi, nikaona mti. Njia nzima nimefumbua macho, nimeona vichaka tu. Miaka kumi na moja nilikuwa napita kwenye nchi nzuri sana, bosi. Ile ya gari si yenyewe."

Anasikiliza kidogo. "Ndiyo. Pikipiki ibaki. Asante, bosi. Salimia nyumbani."

Mama Gia anachuchumaa kukagua cheni aliyoitia oili saa moja iliyopita, na anaikagua kwa muda mrefu kuliko cheni yoyote inavyohitaji. Anapoinuka macho yake ni mekundu, naye analaumu vumbi, ingawa juu ya kilima kile hakuna.

"Mbona hukuniambia nyumbani?"

"Ningekuambia nyumbani ungesema nakuhurumia, ungekataa. Hapa bosi ameshasikia. Kataa sasa."

"Mwanamume mjanja wewe."

"Ila kuna jambo moja," Fundi anasema, na uso wake ni wa mpelelezi. "Siku ya gari sikuona swala hata mmoja. Na wewe kila siku, swala kulia, swala kushoto. Walikwenda wapi?"

Mama Gia anaangalia mawingu. "Siku ile walilala."

"Wote?"

"Haya basi. Wengine nawaongeza. Pale kwenye uwanda hamna kitu, ukikosa cha kusikia unaanza kunibana mbavu mpaka sipumui. Nikitaja swala mikono inalegea."

Fundi anacheka mpaka anakaa chini. "Na yule twiga aliyekuwa anaoa?"

"Yule nilikuwa nimechoka."

Mipango yao sasa haihusu pampu. Mama Gia ataishonea siti ya nyuma mto wa sponji wenye mgongo, ili binti yao muuguzi apate cha kumridhisha. Na mvua zikipita watachukua wiki ya likizo, ya kwanza tangu waanze. Njia wanayoifanyia kazi inaendelea kupita pampu ya mwisho, inaingia kwenye vilima vya bluu ambavyo Mama Gia amekuwa akivitazama kwa mbali muda wote huo na hajawahi kupata sababu ya kuvifikia.

"Huko hatuna kazi kabisa," anasema. "Hakuna spana, hakuna dumu la mtu. Tunakwenda kuona tu."

"Yeye anakwenda kuona," Fundi anamsahihisha. "Mimi nakwenda kusikia."

Wanapanda tena. Fundi anazungusha mikono, anavuta pumzi, anafumba macho. Mkewe anamuuliza yuko tayari, naye anajibu kwamba hayuko tayari hata kidogo, twende.

Chini ya kilima uwanda unaanza, mpana na mgumu, na pikipiki mbili zinaweza kwenda sambamba. Tulipowakaribia nilimsikia Mama Gia kupitia upepo, anasema kwa sauti ya juu na bila haraka.

"Kulia kwako, Fundi. Swala."

"Wangapi?"

"Saba. Yule mdogo amebaki nyuma, ameinua kichwa anakuangalia."

Niligeuka kulia. Palikuwa na vichaka na jua. Fundi naye, macho yamefumbwa kabisa, aligeuza uso upande uleule, akauachia mkono mmoja kutoka kiunoni mwa mkewe, akawapungia.