Herufi Nilizoziotesha Majani

Jamani, nimepona lakini aibu bado iko. Bibi mmoja Mhindi wa mtaa wa Overport, huku ugenini ninakofanyia kazi, aliniagiza nimfumie herufi za Kihindi kwenye kitambaa, atundike mlangoni kwa wajukuu. Akauliza, "Unajua kuzisoma?" Mimi, mtoto wa Dar niliyekulia kwenye filamu za Kihindi, nikajibu, "Sana, mama!"

Sijui hata moja. Kwenye karatasi yake kila herufi ilikuwa na mstari juu. Nikadhani imekaa vibaya, nikaigeuza karatasi juu chini, mstari ukawa ardhi, nikauotesha majani ya uzi wa kijani.

Jana nikakitundika mlangoni kwake. Bibi akakodoa macho, kisha akaipindua kazi yote juu chini. Majani yakaning'inia.

"Kama majani ya mwembe tunayotundika mlangoni siku ya sherehe! Umejuaje?"

Nikapumua. "Si nilikwambia, mama?"

"Basi nisomee hii ya kwanza," akasema, tayari anacheka.