Waya wa Themostati

Ukifika Manundu, pale Korogwe, ukamuulizia fundi Mhina, utaonyeshwa banda la mabati lenye waya mrefu kutoka nguzo hadi nguzo. Kwenye waya huo zimetungwa themostati, vidude vya shaba vya kutosha kiganjani, kama samaki wanaopelekwa kuuzwa. Kazi ya kidude hicho ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Mhina, aliyejifunzia ufundi kwenye matrekta ya mkonge kule Mazinde, alikuwa na maneno yake: "Hiki ni cha nchi za baridi. Jua la Korogwe linatosha."

Gari likija linachemka, anakitoa, anafunga, mshale wa joto unalala chini, mteja anashukuru. Kidude kinakwenda kwenye waya. Mafundi wengi wa huku hufanya hivyo, kwa hiyo tusimwonee yeye peke yake.

Kuntai alikuwa mteja wake kwa miaka saba. Ni mfugaji wa tambarare za Handeni, na gari lake dogo la zamani lilipakia kila asubuhi maziwa ya boma lake na ya majirani, likayafikisha kwenye migahawa ya Manundu kabla hayajachachuka. Kabla ya gari hilo mkewe, Nasinkoi, alikuwa akiwamwagia mbwa maziwa ya masika yaliyokosa mnunuzi.

Mwaka juzi taa ya njano yenye picha ya injini iliwaka mbele ya usukani. Mhina akalipeleka gari kwa Justa, binti wa mtaa wa Kilole mwenye mashine ya kusoma kompyuta za magari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lisome hili, linasumbua."

Justa akachomeka mashine chini ya usukani. "Linasema injini haifikii joto lake."

"Basi ni sensa, hicho kipima joto. Inadanganya."

Mhina akabadilisha sensa. Justa akafuta kosa, taa ikazimika. Siku ya tatu ikarudi na namba ileile. Akafunga sensa ya pili, ikarudi. Akafumua nyaya zote, akazikagua mmoja mmoja, akazifunga upya. Ikarudi.

"Gari lako lina mdomo, Kuntai. Kama mama mkwe," Mhina akamwambia alipokuja kulichukua.

"Mama mkwe wangu ukimpa maziwa ananyamaza," Kuntai akajibu. "Hili linakunywa petroli na bado linalalamika."

Wakacheka. Mhina akakata kipande cha plasta nyeusi, akakibandika juu ya taa. Gari likatembea hivyo mwaka mzima. Moshi ukawa mweusi, kisha wa bluu. Oili ikaanza kunuka petroli. Mhina alimwaga oili, akaweka nyingine, akasema tuangalie.

Mwezi wa tatu mwaka huu gari lilizimika kilimani likiwa limejaa madumu. Lilifika bandani likivutwa na trekta, maziwa yameshaganda, inzi wamelifuata njia nzima. Mhina akamwita Justa aje na mashine yake.

Justa hakuichomeka. Alimwomba Mhina alisumbue mpaka liwake, akaushika mpira wa juu wa rejeta. Hazikupita dakika mbili akageuka.

"Baba, maji yameanza kupita na injini bado ya baridi. Themostati ipo humu?"

Kuntai ndiye aliyejibu, tena kwa fahari: "Aliitoa yeye, mwaka ule nilipolileta gari mara ya kwanza. Tangu hapo halijachemka hata siku moja!"

"Ndiyo maana," Justa akasema polepole. "Sensa ilikuwa inasema kweli. Injini ilikuwa ya baridi miaka yote, kompyuta ikawa inaimwagia petroli ya kuipasha moto. Petroli imeosha oili kwenye silinda. Zimelika."

Mhina alileta themostati mpya, akaifunga kwa mikono yake. Akabandua plasta. Justa akafuta kosa. Waliliwasha mara kadhaa siku ile na siku iliyofuata, na taa haikurudi tena. Kisha Justa akapima nguvu ya silinda. Mbili kati ya nne zilikuwa zimekwisha.

"Ikifumuliwa, ikafanyiwa oveholi?" Kuntai akauliza.

"Haitasaidia. Bloku lenyewe, mwili wa injini, limelika," Mhina akasema. "Linataka injini nyingine."

Kuntai aliangalia upande wa Handeni. Ukame ulikuwa umemwachia ng'ombe wa maziwa tu. Angewauza hao kununua injini, gari lingebeba nini?

"Ni mimi, Kuntai," Mhina akasema. "Si gari."

"Ulitaka lisichemke."

"Ndiyo."

"Na halikuchemka." Hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo ambalo Mhina alishindwa kulibeba. Afadhali angetukanwa.

Kuntai alifungua shanga za Nasinkoi zilizoning'inia kwenye kioo, akazivaa mkononi. Akashusha madumu. Halafu akasimama chini ya waya.

"Yangu ni ipi?"

Mhina akanyoosha mkono, akagusa moja, akaiacha, akagusa nyingine. Zote zilikuwa zimepata kutu ya kijani, na zote zilifanana. Aliupapasa waya mpaka nguzo ya mwisho.

"Sijui," akasema.

Nje dereva wa pikapu alikuwa anapiga honi. Gari lake linachemka, anataka kitolewe kile kidude.