Fundi aliyepaka mashine rangi ya waridi ili wakubwa wasizinyofoe

Mawingu yamejikusanya upande wa milimani na upepo umeanza kunuka udongo, lakini mwanamke aliyelala chini ya mashine ya kupandia hana habari nayo. Yuko chali juu ya gunia. Mkono mmoja unazungusha gurudumu, macho yako kwenye bomba la mbegu. Punje ya mahindi inadondoka. Anazungusha tena, inadondoka nyingine.

"Moja moja," anasema. "Zikidondoka mbili, mbegu imepotea. Isipodondoka hata moja, shamba limepotea. Hebu sogea hapo, unanizibia mwanga."

Anayeambiwa asogee ni mwandishi wa makala haya. Mwandishi anasogea.

Karakana hii ndiyo pekee katika eneo zima yenye mtambo wa kulehemu mkubwa na fundi anayeelewa plau, haro za kuvunjia mabonge ya udongo na mashine za kupandia. Uani zimepangwa kama wagonjwa wanaosubiri daktari: plau zenye sahani zilizolika, haro zilizopinda meno, mashine za kupandia zilizokwama minyororo. Mvua zikianza, kila mkulima anataka chake, leo, sasa hivi.

Wenzake wanamwita Shangazi, hata wanaume waliomtangulia kuzaliwa. Ana miaka arobaini na minne. Aliingia hapa akiwa msichana wa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, akawa anaiba ujuzi kwa macho mpaka siku fundi mkuu alipougua na mashine ikasimama. Tangu siku hiyo spana haijamtoka mkononi. Mshahara wake wa mwezi, ukitoa nauli, haununui beringi nne.

"Mshahara nimeuzoea," anasema akijifuta mikono. "Usiandike habari ya mshahara. Andika habari ya wizi."

Ni wizi gani huo? Msomaji akae vizuri, maana unaudhi.

Kila mwaka, mara tu mavuno yanapokwisha, wakulima huambiwa wapeleke zana zao kwa fundi mapema, wasingoje mawingu. Wenye mashamba makubwa hawasikii. Mashine zao hulala nje, zikanyeshewa, zikaota kutu, na wala hawana presha. Wanaosikia ni wadogo: vikundi vya watu kumi, kumi na watano, waliochanga kwa miaka kununua mashine moja. Hao huileta wakati vumbi bado jingi. Shangazi huifungua, huisafisha, huifunga, na kuisukuma pembeni ikiwa tayari.

Kisha mawingu yanatanda, na mkubwa analeta chake kikiwa kimekufa. Vipuri havipo, na vikiagizwa vinachukua wiki tatu. Basi msimamizi wa karakana anaangaza macho uani, anaona mashine ya kikundi imepona vizuri, na kunyofoa kunaanza. Mnyororo unahama, gia inahama, beringi inahama. Mwenye mashine akija anapewa iliyofungwa vyuma chakavu, imepanguswa vumbi, inang'aa kwa nje.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kumbe hawakuwahi kufika hapa! Hapa anayewahi ndiye anayemkuta mwana si wake.

"Mwaka jana walinifanyia hivyo kwenye mashine ya kikundi cha bondeni," Shangazi anasimulia. "Niliifunga kwa mikono hii. Mama yangu akalazwa, nikaomba ruhusa ya siku mbili. Kumbe nyuma yangu wameuchukua mnyororo mzima, wameweka mkweche uliounganishwa kwa waya. Asubuhi ya kwanza shambani, pu! Ukakatika."

Kikundi kilirudi kwenye majembe ya mkono. Nusu ya bonde ilibaki bila kupandwa. Iliyopandwa ilichelewa, na jua likayakuta mahindi yakitoa mbelewele. Walivuna mabua.

"Walikuja kwangu nyumbani," anasema. "Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, alisimama mlangoni akaniambia, 'Mwanangu, ungetuambia tu kwamba hujui kazi.' Nililia kama mtoto, mbele ya mume wangu na watoto."

Mume wake ni mshona viatu, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Anadai ameoa trekta. Siku ile, anasema, hakuna aliyetania.

Kama kuna kiongozi yeyote aliyewahi kusimama mbele ya wakulima na kuwahimiza "wahini maandalizi", aje amtazame mwenyekiti huyo usoni na kumweleza walioitikia wamepata nini.

Mwaka huu Shangazi aliamua kutobishana na mtu karakanani. Mashine zilipoanza kuingia, alizunguka kwa mafundi wa nyumba akaomba mabaki ya rangi makoponi. Kila mashine akaipa rangi yake: alama kwenye kila kipuri kinachofunguka, kuanzia gia hadi pingili za mnyororo. Moja ya bluu, moja ya machungwa. Ya kikundi cha bondeni ikaangukiwa na rangi ya waridi iliyobaki baada ya saluni moja kupakwa ukuta.

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Shangazi, hii inaenda shamba au inaenda kuolewa?"

"Cheka," aliwajibu. "Atakayeiba, aibe na rangi."

Jumatatu, siku ambayo mwandishi alifika, ndiyo siku aliyoletwa mgonjwa wa kuchelewa. Trekta kubwa liliingia likiburuta mashine ya kupandia ya mkubwa mmoja mwenye shamba ambalo ukianza kulizunguka asubuhi, chakula cha mchana utakilia njiani. Mnyororo ulikuwa umeganda kwa kutu. Majembe mawili madogo, yale yanayochana mfereji wa mbegu, yalikuwa yamevunjika. Kwenye pipa la mbegu kuku alikuwa ametaga.

Msimamizi alitazama mashine, akatazama mawingu, kisha akatazama ile ya waridi. Zote mbili ni za aina moja.

"Shangazi, azima pale mnyororo na majembe mawili. Tutarudisha kabla hawajaja."

"Anayeazima huomba kwa mwenye kitu, bosi. Umewaomba?"

"Usinifundishe kazi."

"Sikufundishi. Nakuuliza."

Alikataa. Msimamizi akamgeukia fundi mwingine, baba wa watoto watano mwenye kodi ya nyumba kichwani, naye akainama akafungua. Hakuthubutu kumtazama Shangazi. Vipuri vikahamishwa. Walijaribu kuitoa rangi kwa petroli na tambara, lakini rangi ya saluni ni king'ang'anizi: ikafifia kidogo, ikabaki.

Mwandishi alimuuliza msimamizi kama anaona haki katika hilo. Alijibu bila kusitasita. "Huyo mteja mmoja anatuletea kazi kuliko vikundi vyote ukivijumlisha. Akienda kwingine, tunafunga. Wewe utawalipa mafundi hawa?" Mwenye karakana alipigiwa simu mara kadhaa. Hakupokea.

Sawa, biashara ni biashara. Lakini biashara gani hii ambayo hasara ni ya mmoja na shukrani anapokea mwingine?

Jumanne asubuhi trekta lilitoka getini na mashine ya mkubwa, likashika barabara ya kati, ile ya maduka. Kando ya barabara hiyo, mwenyekiti wa kikundi cha bondeni ana kibanda cha sabuni. Alikuwa akimrudishia mteja chenji. Macho yake yakatua kwenye mnyororo.

Rangi ya waridi anaijua. Shangazi alikuwa amemwonyesha yeye na kila mwenye mashine: alama zenu ni hizi, mkiziona kwingine, pigeni kelele.

Mama yule hakupiga kelele. Aliacha kibanda wazi, mteja na chenji yake, akaenda kusimama katikati ya barabara mbele ya trekta, kanga kiunoni.

"Zima!"

"Mama, nitakugonga! Mimi nimetumwa tu!"

"Na mimi sijamtuma mtu kuchukua mnyororo wangu. Zima, mwanangu."

Dereva akazima. Akashuka, akazunguka nyuma, akatazama vile vyuma vyenye rangi, akajikuna kichwa. "Hata mimi nilijiuliza," alisema, "mashine ya bosi imeanza lini kupaka rangi ya mdomo."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyeondoka. Wanakikundi walitokea mmoja mmoja, mwingine na unga mikononi, mwingine na nusu ya nywele imesukwa. Mtu akakimbia kumwita Shangazi. Alikuja na spana zake kwenye ndoo, akapiga magoti kwenye lami, akafungua mnyororo na majembe mawili mbele ya umati. Dereva alimshikia ndoo.

Mwenyekiti akasema kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara, "Mwaka jana nilikutukana mlangoni kwako. Leo nakuomba radhi barabarani."

Hapo ingefaa habari iishe vizuri. Lakini kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui.

Msimamizi alifika kwa pikipiki. Hakumuuliza fundi aliyenyofoa, wala hakujiuliza mwenyewe aliyeamuru. Alimnyooshea Shangazi kidole na kumwambia akae nyumbani mpaka msimu wa kupanda upite, bila malipo. Kosa? Kuharibu mali za wateja kwa kuzipaka rangi.

Loo! Mtu akinyofoa mnyororo, ameazima. Mtu akiupaka rangi usinyofolewe, ameharibu. Kama hii siyo dhuluma, basi neno hilo litolewe kwenye kamusi, halina kazi.

Jumatano wanakikundi waliichukua mashine yao karakanani, na Shangazi akairudishia vipuri vyake. Alhamisi mvua ilinyesha usiku kucha. Ijumaa kikundi cha bondeni kilikuwa shambani na trekta la kukodi, na mashine ya kupandia ilichana mistari minne bila kukwama hata mara moja. Shangazi alitembea nyuma yake peku, matope mpaka magotini, akifukua hapa na pale kwa kidole kuhakikisha mbegu imeingia. Kila alipoinuka alikuwa anatabasamu.

Kikundi kimeshamwambia abaki nao. Wana banda tupu, watamnunulia vifaa kidogo kidogo, atengeneze mashine zao kwa amani. Mume wake anaona ni bahati ya mtende. Mwandishi alimuuliza ataanza lini.

Alitikisa kichwa. "Siendi popote kwanza," alisema. "Pale karakanani kuna mashine za vikundi kumi na kimoja, na mawingu ndiyo haya. Unajua nani aliyepita nyumba hadi nyumba kuwaambia wazilete mapema? Mimi. Waliniamini, wakazileta. Sasa nizikimbie?"

Jumatatu, anasema, atakwenda kazini kama kawaida. Ataanza kwa kugonga geti.

"Wakinifungulia, nitaingia. Wasiponifungulia, nitakaa hapo hapo nje na gunia langu. Hakuna mashine itakayotoka bila kupita mbele yangu, na kila itakayotoka nitaikagua barabarani."

Mume wake, aliyekuwa akishona kisigino cha kiatu, alikata uzi kwa meno. "Nenda na mwavuli," alimwambia. "Na mimi nitahamishia kigoda changu pale getini. Viatu vinafumuka kila mahali."