Shuka Nyeupe na Bustani ya Pazia

Katika studio niliyokuwa nikifanya kazi baada ya skuli, kulikuwa na mahali pawili pa kukaa mtu akapigwa picha. Pa kwanza palikuwa mbele ya pazia lililochorwa bustani: ngazi za mawe, chungu cha maua, na ndege mmoja ambaye mpaka leo sijui ni ndege gani, maana mchoraji alimpa miguu ya kuku na shingo ya bata. Pa pili palikuwa mbele ya shuka nyeupe. Waliokaa kwenye bustani walikuwa maharusi, wazazi wenye mtoto mchanga, marafiki waliovaa kanga sare. Waliokaa kwenye shuka nyeupe walikuwa wanaondoka. Picha ya pasipoti haitaki maua.

Mwenye studio alikuwa mzee wa Kigoa, mpole, aliyefiwa na mkewe. Mkewe ndiye aliyekuwa akiwapiga picha wanawake, na alipokufa mzee akaona wateja wake wa kike wakipita mlangoni bila kuingia. Mwanamke wa Mji Mkongwe asingevua buibui mbele ya mwanamume asiyemhusu, hata huyo mwanamume awe mzee na macho yamemchoka. Ndipo akanitafuta mimi. Yeye alikuwa akitia filamu, akiwasha taa na kuzipanga, kisha akienda nyuma ya mlango na kuketi huko na gazeti lake. Mimi ndiye niliyebaki na wateja. Nilikuwa nikiwaweka sawa kanga zao, nikiingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi cha ile kamera kubwa ya mbao na kuwaona kichwa chini miguu juu, kisha nikitoka na kufyatua.

Kulikuwa na sharti moja tena. Picha ikishasafishwa, negativu, ile filamu ya kuchapishia, haikubaki studio. Niliifunga katika karatasi na kumpa mwanamke mwenyewe, mkononi mwake, ili asije mwanamume yeyote akajichapishia sura ya mke au binti wa watu. Shangazi yangu, niliyekuwa nikikaa naye, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwa jambo hili. "Utapoangalia, uone kila mtu kachukua yake," aliniambia siku niliyoanza kazi. "Sura ya mwanamke hailazwi nyumba ya watu."

Basi wanawake waliondoka na negativu zao. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo mpaka siku alipoingia shoga yangu wa skuli pamoja na mama yake, wakaenda moja kwa moja kwenye shuka nyeupe. Hakuwa ameniambia kitu. Asubuhi yake tulikuwa tumekaa dawati moja. Nilimweka sawa mtandio wake, nikamwambia ainue kidevu, naye akainua, na wala hakuniangalia mimi bali kamera. Nikamkabidhi negativu yake mkononi kama inavyotakiwa. Wiki iliyofuata dawati likawa langu peke yangu, na nilikasirika naye kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, kwa sababu kukasirika kulikuwa kwepesi kuliko kumkosa.

Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Mapinduzi yalinikuta niko madarasa ya chini, na baada yake baba akaenda Arabuni na kaka zangu, akisema ataniita nikimaliza kusoma. Hakuniita. Nyumba yetu ya ghorofa, iliyokuwa na watu mpaka kwenye ngazi, ikabaki na mimi na shangazi, ambaye mwanawe alikuwa keshahamia Mombasa. Tulifunga chumba kimoja, kisha kingine, mpaka tukawa tunaishi katika chumba kimoja na jiko, tukisikia popo katika vile vingine. Shangazi hakuwa mtu wa maneno. Lakini usiku alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kulala, na mimi nilikuwa siwezi kulala mpaka nisikie kikohozi kile.

Nilipokuwa karibu kumaliza kidato cha nne, mwalimu wetu alituita mmoja mmoja kutuuliza tunataka kusomea nini. Serikali ilikuwa ikipeleka vijana nje. Nikamwambia nataka kusomea picha.

"Picha si somo," akasema. "Picha za nini?"

Nilidhani picha ni picha. Akanipa muda nikatafute, nami nikaanza kuzunguka mji nikiuliza watu wanaofanya kazi za picha, kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga.

Nilianza na ofisi ya ramani. Bwana mmoja mchangamfu alinitandazia mezani picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Akanionyesha Mangapwani, mwamba na mawimbi, na Paje, ambako mchanga ulitoka mweupe kiasi cha kuumiza macho. Kisha akaniwekea Mji Mkongwe na kunipa kioo cha kukuzia. Nikatafuta paa letu, nikalipata. Nililiangalia sana. Hata kamba ya nguo ilionekana, au labda nilitaka ionekane. Lakini mtu hakuonekana hata mmoja katika mji wote. Nikamwuliza watu wako wapi. Akacheka, akasema ndege iko juu mno kwa mambo ya watu. Nikamshukuru na kushuka ngazi. Nyumba tupu nilikuwa nayo tayari.

Baada ya hapo nilikwenda kwa wapiga picha wa habari. Hawa walikuwa na watu tele katika picha zao: mikutano, gwaride, watu wanaojenga majumba mapya Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Kijana mmoja, aliyejiona sana kwa sababu ya kamera iliyoning'inia kifuani, aliniuliza nitapandaje juu ya lori na buibui. Nikamwambia ataniona nikipanda. Kwa kweli sikujua nitapandaje, lakini sikupenda alivyouliza.

Hapo ndipo nilipokutana na mama mmoja mgeni kutoka Ulaya, aliyekuja kufundisha kazi ile. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, lakini alikuwa na subira. Akanieleza kuwa kwao kuna chuo ambako mtu husomea picha miaka kadhaa mpaka apate shahada. Kuna wanaosomea picha za magazeti, kuna wa sinema, kuna wa sayansi. Na kuna, akasema, wanaosomea sura za watu tu. Nikamwuliza kama nimemsikia vizuri. Mtu anapelekwa chuo kikuu kujifunza kupiga uso wa mtu? Akasema ndiyo, na wengine hawafaulu.

Nilirudi nyumbani mbio mbio. Nilikuwa nimelijua jibu la kumpa mwalimu. Picha za nini? Picha za nyuso. Nilitaka hicho tu, na nilikitaka kwa nguvu iliyonitia aibu.

Shangazi alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, mchele wa foleni wenye mawe mengi. Nikamweleza yote, chuo, miaka, ile nchi ya baridi. Alisikiliza, akatupa jiwe dirishani.

"Miaka mingapi?"

"Kama mitano hivi, shangazi."

"Basi utakuta n'shazeeka," akasema, akaendelea kuchagua. Usiku ule nilingoja kikohozi chake, nikakisikia, na baada yake nikaendelea kukodoa macho gizani. Nilimwona akilini akipanda zile ngazi na ungo wake, hakuna wa kumwambia shikamoo asubuhi. Nilijua nyumba isiyo na mtu inavyosikika. Sikutaka aisikie peke yake.

Kwa hiyo nilikwenda hospitali. Nao wana picha, picha za eksirei, na wanawake wengi waliogoma kuvua nguo mbele ya mafundi wanaume walikuwa wakirudi makwao na mifupa iliyovunjika. Walikuwa wakimtafuta msichana, wamfundishe papo hapo, na masomo ya juu yatafuata huko mbele. Mkubwa wa chumba cha eksirei alininyanyulia picha ya kifua mbele ya taa. Mbavu, kivuli cha moyo. "Nani huyu?" nikamwuliza. Akanijibu hajui, angetazama nambari.

Nikamwambia mwalimu: hospitali. Akafurahi, akasema ni chaguo la maana kwa taifa, na nafasi ya kule ugenini akapewa mwingine. Nililia njiani, kwenye kichochoro ambako hapiti mtu adhuhuri, kisha nikanawa uso msikitini kwenye bomba la nje na kwenda zangu kazini. Nyumbani nikamwambia shangazi kwamba siendi tena Ulaya, nimepata kazi na masomo hapa hapa. Nilidhani atafurahi. Alisimama na sufuria mkononi, akasema, "Lini umekata shauri hilo?" Nikamwambia nimeshamjibu mwalimu. Akaiweka sufuria motoni na hatukulizungumza tena.

Siku chache baadaye, alasiri, mzee wa Kigoa alitia filamu, akapanga taa, akaniambia kuna mteja wa kike, akaenda nyuma ya mlango wake. Pazia la mlangoni likafunuliwa, akaingia shangazi. Nilifurahi. Nikamvutia kiti mbele ya bustani, nikitaka kumfanyia mzaha juu ya yule ndege. Akanipita, akakaa mbele ya shuka nyeupe.

"Mwanangu wa Mombasa ananiita," akasema, huku akivua buibui na kulikunja magotini. "Mkewe karibu kujifungua. N'shamjibu kuwa nnakwenda. Ulipokuja na habari za Ulaya, nikajua utakwenda tu, nikajiuliza, nyumba ile ntaikaa na nani?"

"Lakini siendi, shangazi."

"Umeniambia juzijuzi tu, mwanangu. Mie nilikuwa n'shamjibu kabla. Keshanitayarishia chumba."

Ningeweza kumwambia abaki. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini mama anayeitwa na mwanawe wa kuzaa hazuiwi, na mimi nilikuwa mtoto wa kaka yake tu. Nikaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi. Nikamwona shangazi kichwa chini miguu juu, mdogo, kwenye kioo, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuniona humo ndani, nilikaa zaidi ya inavyohitajika. Kisha nikatoka, nikamwomba ainue kidevu, nikafyatua.

Akavaa buibui lake, akalifunga taratibu. Alipofika mlangoni nikamwambia, kwa sauti ninayowaambia wateja wote, kwamba kesho nitamkabidhi picha pamoja na negativu yake.

"Picha niletee," akasema. Hakugeuka. "Negativu kaa nayo wewe."

Akatoka. Mzee akaniuliza kutoka nyuma ya mlango kama tumemaliza, nikamjibu naam. Nikaitoa ile shuka nyeupe ukutani na kuikunja, maana walikuwa wameshaingia maharusi, nao walitaka bustani.